Mkono wa Muhugu na Pilau ya Mgeni

Halima na Wanza,

Leo nimepatikana! Na si kupatikana kwa kuteleza kwenye matope, mtu akainuka akajipangusa akaenda zake. Nimepatikana mbele ya holi nzima ya Kaloleni, mbele ya mgeni wa heshima, na gauni jipya nimevaa. Nimekaa kitandani naandika na bado nimekasirika. Mkiona kalamu imetoboa karatasi, msishangae.

Ninyi mliohamia Njiru kufuga kuku mmeniacha peke yangu na hawa wanaume wa Klabu ya Mkono wa Jirani. Mnawajua. Makarani, madereva, wenye vibanda, wote watu wazima, wamekubaliana kusaidia mtaa. Leo wanazibua mtaro Mbotela, kesho wanamshonea yatima sare ya shule. Kazi nzuri, siwezi kuwanyima haki yao. Lakini uanachama ulikuwa wa wanaume tu, na sisi tukaitwa Kamati ya Chakula. Miaka minane nimekoroga pilau ya klabu ile. Minane! Mkutano ukianza, sisi tuko nje na masufuria yetu tunasikiliza makofi dirishani.

Mwaka huu nikasema basi. Nikaomba uanachama. Wakabishana miezi mitatu, utadhani naomba kuolewa na wote. Mwishowe Chemani Wafula, mwenyekiti wetu yule wa suti ya kaunda, akaja dukani kwangu akasimama mbele ya kaunta.

"Bi Zuhura, umekubaliwa. Utaapishwa siku ya kuwagawia wazee miwani. Mwanamke wa kwanza katika klabu!"

"Ahsante sana, Chemani."

"Ila kuna jambo."

"Jambo gani?"

"Siku hiyo pilau atapika nani?"

Niliweka chini kibaba cha sukari. Nikahesabu mpaka tano. Nikasema nitapika mimi. (Mngenisikia mngenipiga. Lakini nilikuwa nimeitaka ile beji ya klabu mpaka naiota.) Mnajua tena sharti lao: anayeapisha ni mkuu wa klabu zote za mkoa, Bwana Githinji, na huja kwetu mara moja tu kwa mwaka. Ukikosa siku hiyo, kaa ungoje mwaka mwingine. Na mimi nilijua kabisa, nikingoja mwaka mwingine, wataanza kubishana upya.

Basi leo ndiyo siku yenyewe. Alfajiri niko nyuma ya holi na mafiga yangu matatu, sufuria kubwa, nyama imeshakatwa, na leso mbili nimejifunga juu ya gauni la krimplini nisilichafue. Kuni walizoniletea wanaume ni matawi mabichi. Mabichi! Bado yana majani! Nilipuliza mpaka kichwa kikazunguka. Moshi ukanijaa machoni, pua ikachuruzika, poda niliyojipaka yote ikashuka shingoni. Nikawa najisemea, Zuhura mwanangu, leo unaapishwa na sura ya mchoma mkaa.

Saa tatu hivi nikaenda bombani kuosha mchele. Nikiwa kule nikamwona Mutuku anafika na baiskeli. Mutuku mchongaji, si mnamkumbuka? Wanza, yule wa kwenu, anayechonga twiga wa kuwauzia wazungu. Kila mwaka tukipika yeye hutuletea gunia la mabaki ya mbao zake, na kuni zake ni kavu kweli. Akanipungia mkono. Nikampungia. Akateremsha vitu vyake mlangoni mwa jiko, akapanda baiskeli akaenda kuoga. Hakusema neno.

Hakusema neno! Shikeni hapo.

Nikarudi na mchele wangu. Nikakuta gunia la mabaki kama kawaida, na kando yake gogo. Gogo nene kama paja, refu kama kutoka hapa kwenye kiwiko mpaka mwisho wa vidole na zaidi. Upande mmoja lina gome lake kama lilivyotoka msituni. Upande wa pili limefungwa gunia, tena gunia bichi, limelowa maji, na kamba imezungushwa vizuri. Nikaliangalia. Nikafikiri. Nikasema, Mungu ambariki Mutuku! Mwaka huu amenikumbuka mpaka amenifungia pa kushikia nisiungue mikono.

(Najua. Najua! Msianze kucheka, bado hatujafika.)

Yale mabaki madogo yakawasha moto mara moja. Moto ulipokolea nikalisukuma lile gogo kwenye mafiga, upande wa gome mbele, gunia likabaki nje. Kila dakika kumi nalisukuma kidogo ndani. Nikashika gunia lile la baridi nikaona raha. Na ule moshi, jamani! Ulikuwa muhugu. Muhugu ukiungua unanukia utadhani mtu amefukiza ubani. Harufu ikaingia kwenye mchele, ikaingia kwenye nyama, ikaingia mpaka kwenye leso zangu. Wapita njia wakawa wanasimama kwenye ua kuuliza kuna arusi ya nani. Nikajiona mpishi wa sultani.

Saa sita mgeni akafika na gari lake jeupe, Pijo. Bwana Githinji ni mtu mnene, mpole, ana sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Wazee wakaitwa mmoja mmoja wakavalishwa miwani. Hiyo sehemu ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Bibi Nyambura wa nyumba za reli, yule ambaye miaka yote alikuwa akiwasalimia watu kwa kugusa mikono yao kwanza, alipovaa ya kwake akatazama huku na huku akasema, "Kumbe holi ina mbu hivi!" Watu wakapiga makofi.

(Sasa fikirieni. Mwaka jana ningeaibika, nusu ya wale wazee wasingeona kitu. Mimi nimechagua kuaibika siku ambayo wazee wote wa Kaloleni wamepata macho.)

Tukapakua chakula. Mimi nimevua leso, nimenawa uso, nimeketishwa safu ya mbele kama bibi arusi, kwa sababu baada ya kula ni kuapishwa. Mgeni akala sahani ya kwanza. Akala ya pili. Ya tatu akaomba mwenyewe.

"Hii pilau ina kitu," akasema. "Nimekula pilau Mombasa, nimekula Malindi. Harufu hii sijawahi kukutana nayo. Nani amepika?"

Chemani Wafula akaninyooshea kidole huku akitabasamu meno yote.

"Mama, umeweka nini humu?"

"Hakuna kitu, mheshimiwa," nikasema, nikainamisha kichwa kwa haya. "Ni mkono tu."

Wallahi, hayo ndiyo maneno niliyosema. Kwa mdomo wangu huu.

Chemani akasimama, akakohoa, akasema kabla ya kuapisha mwanachama mpya, klabu ina zawadi ndogo kwa mgeni. Mimi nikashtuka kidogo. Zawadi gani? Mbona sijui? Jirani yangu Ochieng, dereva wa kaunsili na mkubwa wa kikosi chao cha huduma ya kwanza, akaniinamia sikioni.

"Ilikuwa siri ya kamati," akasema. "Tuliamua kina mama msiambiwe. Unajua siri na nyinyi."

"Siri na sisi vipi?"

"Ah, Bi Zuhura, wewe tulia utaona. Ni kazi ya Mutuku. Mkono. Alama ya klabu yetu, mkono wa kweli kabisa, na vidole vyake vyote vitano, umechongwa kwenye gogo moja. Miezi miwili ameukalia. Chini ameacha gome lake, uonekane unaota kutoka kwenye mti."

Gome lake.

Halima, Wanza, damu yote ilinishuka miguuni. 

"Ochieng," nikanong'ona, "huo mkono... umefungwa na nini?"

"Gunia bichi. Mutuku hataki upigwe na jua ukapasuka. Huufungua dakika ya mwisho tu."

Sikungoja. Nilitoka safu ya mbele mbio, nikakanyaga mguu wa mzee mmoja, nikapita mlango wa nyuma. Nyuma yangu nasikia Chemani anasema, "Bwana Mutuku, tuletee zawadi," na watu wanapiga makofi. Nikafika jikoni pamoja na Mutuku. Yeye alitoka mlango wa kando, suti imenyooshwa, tai nyekundu, kitambaa cha kupangusia vumbi mkononi. Akaangalia mahali alipoacha gogo lake. Halipo. Akaangalia kwenye mafiga.

Kipande cha gunia kilikuwa kinachungulia nje ya moto, kidogo tu, kama soksi.

"Zuhura," akasema polepole. "Ile kitu yangu iko wapi?"

 Nikainama nikaikamata ile kitu kwa mkono wa kulia nikaivuta. Loo! Gunia la baridi limeshakauka zamani, linawaka kwa ndani. Nikapiga yowe lililosikika mpaka Jogoo Road. Nikaitupa chini, gunia likafunguka, na pale kwenye majivu ukalala mkono. Mweusi. Kiwiko hakuna, kimeisha. Umebaki kiganja na vidole viwili, unatoa moshi.

Mutuku akaketi juu ya ndoo. Akavua tai yake. "Miezi miwili," akasema. "Hata kucha nilizichonga."

"Mutuku kaka yangu, kwa nini hukuniambia?"

"Waliniambia nisiseme!"

"Na ukaiweka kwenye kuni!"

"Niliiweka kwenye kivuli!"

Tungeendelea kugombana vizuri tu, lakini yowe langu lilikuwa limewafikia Ochieng na kikosi chake. Wenzangu, wale watu wanne wamefundishwa huduma ya kwanza miaka miwili iliyopita, wamenunuliwa sanduku lenye msalaba na machela ya turubai, na hawajawahi kupata mgonjwa. Hata mmoja! Walipoona nimeshika vidole vyangu, macho yao yalimeremeta. Walinijia wote wanne kwa pamoja.

"Kaa chini, mama!"

"Ni malengelenge tu, Ochieng. Niletee maji."

"Mgonjwa hasemi! Mgonjwa anatulia!"

Wakanifunga mkono wa kulia kuanzia vidoleni hadi kiwikoni. Bandeji ilipobaki, na walikuwa nayo nyingi, wakanifunga na wa kushoto.

"Huo hauna kitu!" nikapiga kelele.

"Ni tahadhari," akasema Ochieng, akakaza fundo, akabandika plasta juu ya fundo, kisha plasta nyingine juu ya plasta. Kikabaki kidole gumba cha kushoto tu kimetokeza nje. Halafu wakanilaza kwenye machela. Nikakataa. Wakanilaza. Mkubwa wao ana nguvu, huendesha lori la taka. Nikabebwa juu juu kama maiti, nikaingizwa holini kwa mlango mkubwa, mikono miwili myeupe imesimama hewani, gauni la krimplini lina majivu matakoni. Kiatu kimoja kimebaki jikoni.

Holi nzima ikageuka. Kisha Bibi Nyambura na miwani yake mipya akasema kwa sauti, "Huyu si yule wa pilau? Mbona kiatu kimoja?"

Nilifumba macho nikajifanya nimezirai. Ikashindikana kwa sababu nilipiga chafya.

Chemani Wafula yeye hakuniona hata. Shida yake ilikuwa zawadi. Mutuku alikuwa ameingia nyuma yetu na ule mkono kwenye kitambaa chake, na Chemani, badala ya kunyamaza, akauchukua, akausimamisha mezani mbele ya mgeni.

"Mheshimiwa," akasema, jasho linamtiririka, "huu ni mkono wa klabu. Ni... ni mtindo wa kisasa."

Mgeni akauangalia. Ule mkono ukatoa moshi kidogo kumwelekea.

"Si kuni hiyo?" akauliza Bibi Nyambura. "Inawaka bado!"

Bwana Githinji akainama, akanusa. Akanusa tena. Kisha akageuka polepole akaitazama sahani yake ya tatu, imebaki mifupa mitupu. Nikaona uso wake unaelewa. Ningekuwa na uwezo, ningeingia chini ya ile machela.

"Nani alifanya hivi?" akauliza.

"Ni Kamati ya Chakula, mheshimiwa," akasema Chemani haraka haraka. "Na kwa tukio hili, naona suala la kumwapisha mwanamke tuliahirishe kidogo. Mpaka mwakani. Tufikirie."

Tufikirie! Hapo ndipo aibu iliponitoka yote ikabaki hasira. Nikateremka kwenye machela, kiatu kimoja na mikono yangu ya bandeji, nikasimama katikati ya holi.

"Ni mimi, mheshimiwa. Mimi Zuhura. Nimepikia zawadi yako, na pilau imeiva, na umekula sahani tatu. Naomba radhi kwako, naomba radhi kwa Mutuku mara mia. Lakini Chemani aseme na yeye: nani aliniambia kuna zawadi? Miaka minane napika hapa. Wamekaa kamati, wameamua kina mama wasijue, siri ikaletwa ikawekwa mlangoni mwa jiko langu kando ya gunia la kuni. Mimi nikiona gogo kando ya kuni nilifanyie nini? Nilisalimie?"

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, kisha wazee wote. Mgeni hakucheka. Aliniangalia mikono.

"Hiyo mikono imekuwaje?"

"Nilivuta zawadi yako motoni."

Akamgeukia Chemani. "Mtu ametia mkono motoni kwa ajili ya klabu, na nyinyi mnataka angoje mwakani? Leteni kitabu. Nina mkutano Thika saa tisa."

Yaa Rabi, mngeona furaha yangu! Aibu yote nikaisahau. Nikaapa kwa sauti, mkono wa bandeji juu, sikukosea neno hata moja. Beji wakanibandika. Makofi! Kisha Chemani akafungua kile kitabu kikubwa cha wanachama, majina yote tangu klabu ianze, akanipa kalamu ya mgeni.

Kalamu ikaanguka.

Nikajaribu tena. Ikaanguka. Kwa mikono ile ungeweza kushika embe, si kalamu. "Nifungueni!" nikamwambia Ochieng. Akaanza kubandua plasta. Chini ya plasta, plasta. Chini yake, fundo. Akavuta, likakaza zaidi. Nikalivamia kwa meno. Mgeni akaangalia saa. Dereva wake ameshawasha Pijo.

"Katiba inasema mwanachama atie alama siku hiyo hiyo, mbele ya mgeni," akasoma Chemani, na sauti yake ilikuwa tamu kama asali, "kwa sahihi au kwa dole gumba."

"Nipe dakika tano!"

"Mama, sina tano," akasema mgeni kwa upole. "Weka dole, yaishe."

Kikaletwa kile kidau cha wino wa mhuri. Wakanishika gumba la kushoto, lile moja lililobaki nje, wakalichovya, wakaligandamiza kitabuni. Chini yake Chemani akaandika kwa mwandiko wake wa kuku: Zuhura binti Salim, dole gumba. Mimi! Mimi niliyeandika kwa mkono wangu barua zote za kuwaalika wazee wale! Mimi ninayemsomea Chemani barua za mwanawe zikija kwa Kiingereza! Kuna wanaume kwenye kitabu kile wameandika majina yao kwa herufi zinazopanda mlima na kushuka, lakini wameandika. Mwanamke wa kwanza wa klabu! Na watakaokuja miaka hamsini ijayo kufunua kile kitabu, watakuta doa la wino.

Nimemwambia Chemani kesho nakuja kutia sahihi yangu kando. Amesema kitabu kikishafungwa na mkuu wa klabu za mkoa hakiguswi. Nimemwambia tutaona. Mutuku nimemwomba radhi tena njiani, amesema atanisamehe nikimlipa kwa sufuria moja ya pilau, ila niipike kwa mkaa. Bandeji nimeikata kwa mkasi nilipofika nyumbani. Ndani ya yote yale kulikuwa na malengelenge mawili, kila moja kama punje ya harage.

Basi chekeni, najua mmeshaanza, Halima nakusikia kutoka huko Njiru. Lakini barua hii itunzeni mahali pazuri, msiifungie mayai. Ndiyo ushahidi pekee uliopo kwamba mwanamke wa kwanza wa klabu alijua kuandika.

Mimi wenu,
Zuhura binti Salim
(sahihi yangu mwenyewe)